Dakika za Greda

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha leo asubuhi, na haikuja peke yake. Mkuu alitupanga mstari kwenye ua wa kikosi akatuletea mkufunzi wa mazoezi: binti wa miaka thelathini hivi, mwembamba, filimbi shingoni. Kabla hajamaliza kujitambulisha tulishampa jina. Filimbi.

Amri ni hii. Kila askari wa zimamoto, awe mgeni awe mkongwe, atafanya mazoezi ya mzunguko mara tatu kwa wiki. Mwanzoni mwa Mei kuna mtihani: mizunguko miwili ndani ya dakika kumi na mbili. Atakayeshindwa anahamia stoo, kugawa makoti na kusugua kofia za wenzake.

Nina miaka arobaini na saba. Nimeingia kwenye moto kwa miaka ishirini na miwili. Leo nafundishwa kuruka na mtu ambaye siku naanza kazi alikuwa anafundishwa kusoma.

Shemeji Greda alicheka hadi machozi. "Na moto nao utafanya mtihani?" Greda ni mume wa mdogo wangu na ni mwenzangu wa zamu. Tunaingia wawili, tunatoka wawili. Jina alilipata kazini, kama ile mashine ya kusawazisha barabara: mlango akiusukuma yeye, haubaki mlangoni.

Jumatano, 5 Machi

Sasa nimejua huo mzunguko ni kitu gani. Vituo vinane vimepangwa kuuzunguka ua. Unapanda na kushuka sanduku. Unapiga pushapu. Unapiga tairi la lori kwa nyundo. Unachuchumaa na gunia la mchanga begani. Unavuta kamba, unatambaa chini ya meza, unapanda mnara na mpira wa maji mgongoni, na mwisho unaburuta sanamu la mtu la kilo themanini. Kila kituo sekunde arobaini, kisha ishirini za kuhamia kinachofuata. Hizo ishirini ndizo anaziita mapumziko. Siku ya mtihani hata hizo hazipo: kila kituo kina idadi yake, ukiitimiza unahama. Mimi nilipumzika zaidi hospitali nilipofanyiwa upasuaji.

Nilitapika kituo cha sita. Filimbi alikuja akanishika kifundo cha mkono, akatazama saa yake, akasubiri dakika mbili, akanishika tena.

"Moyo wako unajua kukimbia, kaka. Kusimama ndiyo haujui."

Watu wakacheka. Nimekosa pa kuficha uso.

Ijumaa, 7 Machi

Siwezi kuketi chooni bila kushika ukuta.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Mzunguko ndani ya gereji, katikati ya magari. Greda alisema goti linamuuma, akakaa juu ya ndoo akituhesabia kwa sauti ya mnadani. Hata Filimbi alitabasamu. Huyu shemeji yangu akikaa mahali, hata msiba unachangamka.

Alhamisi, 20 Machi

Nilimuuliza Filimbi, kwa ubaya, kwa nini asituache tukimbie barabarani kama zamani au tunyanyue vyuma, tumalizane.

Hakukasirika. Alisema, "Anayekimbia tu anapata pumzi, mikono inabaki mikono ya karani. Anayenyanyua vyuma tu anapata mikono, pumzi inamwishia ghorofa ya pili. Moto haukuulizi kimoja kimoja. Utapanda, utavunja, utatambaa, utabeba, na hakuna atakayekwambia pumzika. Ndiyo maana tunavichanganya vyote, na ndiyo maana mapumziko ni mafupi."

Ukweli ukitoka kwa mtu usiyempenda unakwaruza kooni kama mwiba wa samaki.

Jumatano, 2 Aprili

Mke wangu amesema siku hizi sikoromi. Nimemwambia ni mvua inanifunika. Ila mkanda umeingia tundu la ndani, na yale maumivu ya kiuno niliyokuwa nayo tangu mtoto wetu wa pili hajazaliwa sijayasikia wiki nzima. Sitamwambia Filimbi. Asije akaota mapembe.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Mizunguko mitatu. Sikutapika.

Jumapili, 13 Aprili

Mdogo wangu amekuja nyumbani peke yake. Amekaa jikoni na mke wangu hadi chai ikapoa, halafu akaniita nje chini ya ukingo wa bati.

"Kaka, hivi mazoezini mume wangu anafanya?"

"Anafanya."

"Usinidanganye. Ngazi za kwetu ni kumi na nne. Anapumzika katikati. Ananiambia anatafuta funguo."

Ukweli ni kwamba Greda amefanya mizunguko minne tangu Machi. Siku nyingine anasaini daftari la mahudhurio halafu anaingia chumba cha mipira ya maji, anatoka mwishoni amejimwagia maji kichwani, anahema kwa mbwembwe.

"Nakuomba, kaka. Siku ya mtihani usimsukume apite. Mwache aende stoo. Mimi nataka mume wa stoo, aliye hai."

Nilikasirika. Nilimwambia mwanamke anayemtakia mumewe aibu hajui alichonacho. Aliniangalia, akajifunga kanga vizuri, akaondoka na mvua yake. Hakuaga.

Mimi nina sababu zangu. Miaka kumi iliyopita boriti iliniangukia ndani ya ghala linaloungua, na kila mtu alishatoka. Greda alirudi. Alinibeba kama furushi la nguo. Hajawahi kunikumbusha hata siku moja, hata akiwa na hasira.

Jumanne, 22 Aprili

Filimbi ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Nilikuwa nadhani anajionyesha. Leo nimekuja mapema, nikamkuta peke yake akifanya mzunguko uleule anaotupa sisi, gunia lilelile, mvua inamnyeshea, hakuna wa kumtazama. Niliingia kituo kinachofuata nyuma yake bila kusema neno. Tulizunguka mara tatu. Mwishoni alinishika kifundo cha mkono.

"Dakika moja tu, umeshatulia," alisema. "Moyo umejifunza."

Nimefurahi kama mtoto aliyepewa kalamu mpya. Nimejichukia kidogo kwa kufurahi.

Jumatano, 30 Aprili

Nimemfuata Greda chumba cha mipira. Nimemwambia zimebaki siku tano, tufanye hata kidogo kidogo, mimi nitakuwa naye. Alikuwa amekaa juu ya mipira iliyokunjwa, hana utani wake.

"Shemeji, mimi nikihamia stoo nitakufa. Vijana watakuja kuchukua makoti, watanisalimia kwa heshima ile wanayompa mgonjwa. Afadhali nife na kofia kichwani."

Nilitaka kumwambia kilichosemwa chini ya bati. Nikampa mkono, nikamnyanyua.

Jumatatu, 5 Mei

Mtihani.

Kundi letu lilianza saa mbili asubuhi. Nimemaliza kwa dakika kumi na moja na sekunde ishirini. Vijana wawili wa miaka ishirini na mitano nimewaacha mnarani. Filimbi alinisomea muda wangu mara mbili, ya pili kwa sauti, ili wote wasikie.

Kundi la mwisho lilikuwa la Greda na wengine watatu. Walipokuwa wanajipanga, karani alikuja mbio: Filimbi anaitwa na Mkuu, kuna simu kutoka makao makuu. Mvua ilikuwa inakuja, watu walishapasha misuli. Alisimama kidogo, akavua saa ya kupimia shingoni akanipa, na karatasi.

"Wewe nakuamini. Pima, andika, usiwape hata sekunde."

Watatu walipita, kwa haki. Greda alikwama kituo cha mnara, mzunguko wa kwanza. Wa pili alipanda nusu akarudi. Nyundo alipiga kumi badala ya thelathini. Sanamu aliliburuta huku amepiga magoti, na alipofika mstari uso ulikuwa na rangi ya majivu. Saa ilisema dakika kumi na nne na sekunde kumi, na hapo nimemhesabia hata vile alivyoruka.

Wale watatu walikuwa wameshakimbilia bafuni. Greda alikuwa chini, mvua inampiga machoni, hayafumbi. Hakuniomba. Angeniomba labda ningekataa.

Nimeandika kumi na moja na hamsini.

Jumanne, 6 Mei

Matokeo yamebandikwa. Wote tumepita. Greda ameleta soda kikosi kizima. Filimbi alisoma ile karatasi kwa muda mrefu, akamwangalia Greda, akaniangalia mimi, akaikunja. Alinipa mkono. "Umesaidia sana jana."

Ijumaa, 9 Mei

Mvua. Hakuna tukio.

Alhamisi, 15 Mei

Nimeandika na kufuta mara tatu. Naandika kama ilivyotokea.

Saa sita mchana king'ora kililia. Jengo la ghorofa tano, hitilafu ya umeme kwenye nyumba moja ya ghorofa ya pili, moshi umeshaingia kwenye ngazi. Tulipofika wakazi walikuwa nje, wengine na mito, mmoja na kuku wawili. Mwanamke mmoja alikuwa anapiga kelele kwamba ghorofa ya nne kuna mzee amebaki, mguu wake mmoja umepooza, binti yake yuko kazini.

Magari mawili, jozi mbili. Jozi ya pili ilikuwa nyuma ya jengo na mipira, inapambana na moto wenyewe. Mkuu alituangalia sisi. "Nendeni."

Tulivaa barakoa, mitungi mgongoni. Nilitangulia. Ghorofa ya kwanza, sawa. Ya pili tulitambaa, joto lilikuwa linatulamba migongo. Ya tatu nilinyanyuka, nikapanda ngazi sita, na nikasikia kwamba niko peke yangu. Ukifanya kazi na mtu miaka kumi na tano unamsikia hata akiwa kimya.

Greda alikuwa amekaa kwenye ngazi. Amekaa, kama mtu anayesubiri basi. Mkono mmoja kifuani, wa pili anaivuta barakoa aivue. Nilirudi nikaishika mikono yake. Macho yake kwenye kioo yalikuwa ya mtu nisiyemjua.

Juu yetu kulikuwa na mlango wa huyo mzee. Ngazi kumi na mbili. Nimezihesabu baadaye, moto ulipozimwa.

Sheria iko wazi na kila mmoja wetu anaijua usingizini: mwenzako akianguka, unamtoa kwanza. Nilisema kwenye redio, nikamgeuza, nikamshika chini ya kwapa. Greda ana kilo mia na kumi na nane, bila vifaa. Nilimburuta ghorofa tatu, kinyumenyume, hatua kwa hatua. Mwaka jana nisingeweza. Nalisema bila kujisifu. Mwaka jana tungekufa wote wawili kwenye zile ngazi.

Nilipomtoa nje wakamchukua watu wa gari la wagonjwa. Nami nikasimama, nikashangaa: pumzi ilikuwa imeshanirudia. Miguu ilikuwa yangu. Niligeuka nirudi ndani, Mkuu akanidaka mkanda kwa mikono miwili.

"Peke yako huingii!"

"Naweza, Mkuu! Naweza!"

"Huingii!"

Jozi ya pili iliacha moto ikazunguka. Zilipita dakika tisa. Walimkuta mzee nyuma ya mlango wake. Alikuwa ametambaa kutoka kitandani. Hakuungua hata unywele. Ni moshi tu uliomuua.

Ijumaa, 16 Mei

Greda yuko hai. Mshipa wa moyo uliziba. Daktari anasema hatapanda tena hata ngazi ya kubadilishia taa. Mdogo wangu alikuwa nje ya wodi. Alinishika mikono akaibusu, akasema nimemrudishia mumewe. Nilitaka ardhi inimeze, lakini ardhi nayo ina shughuli zake.

Jumatano, 21 Mei

Tume ya uchunguzi, watu watatu na faili moja. Wakauliza: mtu mwenye moyo ule alipitaje mtihani siku kumi kabla?

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi. Nilisema moyoni, wakiuliza mara ya pili nitasimama.

Hawakuuliza mara ya pili. Filimbi alisimama. "Mtihani ulikuwa wangu. Saa niliiacha kwa mtu mwingine na sikupaswa. Matokeo nimeyatia sahihi mimi." Wakamuuliza saa alimwachia nani. Akasema, "Aliyeiacha ni mimi."

Hakunitazama. Angenitazama kwa dharau ningejua pa kuanzia.

Jumatatu, 26 Mei

Filimbi amesimamishwa kazi. Aliondoka na begi moja. Vile vituo vinane vimeondolewa uani, tairi limeviringishwa nyuma ya choo. Vijana wamefurahi.

Jumanne, 27 Mei

Nimekwenda kwa Mkuu. Nimemwambia yote, nimesimama wima kama siku ya kwanza kazini. Alisikiliza huku anafunga na kufungua kifuniko cha kalamu.

"Faili limefungwa," alisema. "Greda anaandikiwa barua ya pongezi kwa kuumia kazini. Wewe unapewa nishani kwa kumwokoa. Yule binti bado kijana, atapata kazi kwingine. Unataka nifungue nini?"

"Ukweli, Mkuu."

"Ukweli ungeuandika siku ile kwenye karatasi. Nenda nyumbani, upumzike."

Amesema kweli, na ndiyo ubaya wake.

Alhamisi, 29 Mei

Leo amekuja binti wa marehemu. Fundi cherehani, mwanamke wa makamo, pini bado ziko kwenye kola ya gauni. Alimuuliza karani ni nani aliyepanda ngazi siku ile, akaletwa kwangu gereji nikiwa naosha gari. Nilidhani amekuja kulia au kushukuru. Wapo wanaokuja kushukuru hata pale tuliposhindwa, na hao ndio wagumu.

"Nilikuwa naongea naye kwa simu," alisema. "Muda wote. Nilimwambia alale chini, aweke kitambaa puani. Akaniambia, 'Wamefika, mwanangu. Nawasikia wanapanda. Viatu vizito.' Nikamwambia, unaona, wamefika. Halafu akasema, 'Wanashuka.'"

Maji yalikuwa yanamwagika kwenye mpira. Sikuufunga.

"Aliniuliza, 'Mbona wanashuka?' Mimi sikuwa na jibu. Nimekuja kulichukua. Barua ya ofisi inasema hali ya jengo haikuruhusu. Baba alikuwa dereva wa malori miaka thelathini, alijua kutofautisha chombo kilichokwama na dereva aliyegeuza. Mbona mlishuka?"

Ningeweza kumwambia sheria. Mwenzako akianguka unamtoa kwanza. Ni kweli tupu, hakuna ambaye angenilaumu. Badala yake nilimkalisha kwenye ngazi ya gari nikamweleza tangu mwanzo: mazoezi, daftari la mahudhurio, mdogo wangu chini ya bati, karatasi, kumi na moja na hamsini. Nilimwambia ningeandika kumi na nne, siku ile ningepanda na mtu mwingine, na tungekuwa tumefika.

Hakulia. Alichomoa pini moja kwenye kola akaanza kuizungusha vidoleni.

"Kwa hiyo ni sekunde ulizompa shemeji yako."

"Ndiyo."

"Za baba yangu."

"Ndiyo, dada."

"Yaandike haya, utie sahihi. Sitaki ya mdomo."

Nimeandika kurasa tatu, juu ya boneti. Amezisoma zote mbele yangu. Akaomba kalamu, akasahihisha jina la baba yake, nilikuwa nimekosea herufi. Akazikunja akazitia kwenye mkoba.

"Nimekusikia," alisema. "Sikusamehe." Akaondoka na mvua.

Jumanne, 10 Juni

Kurasa zile zimefika makao makuu, na faili lililofungwa likafunguka lenyewe. Nimeachishwa kazi kuanzia leo. Filimbi amerudishwa. Nilipokuwa natoa vitu kabatini alipita koridoni, akasimama. Nilisema naomba radhi. Alisema, "Endelea na mazoezi. Ukiacha ghafla mwili unadai." Basi. Akaenda kuviringisha tairi lake kulirudisha uani.

Greda amefuta jina langu kwenye simu yake, mdogo wangu kaniambia. Barua ya pongezi imechukuliwa. Anakaa sebuleni, hataki dirisha lifunguliwe. Anasema mwanaume niliyemwokoa nimemuua mwenyewe. Nilimuuliza mdogo wangu, na wewe je?

"Mimi nilikuomba kitu kimoja, kaka," alisema. "Kimoja tu." Halafu simu ikakatwa. Sijui ni yeye au ni mtandao.

Jumamosi, 21 Juni

Mvua zimekwisha. Vumbi limeanza.

Binti wa marehemu alinitumia ujumbe jana: *Nahama. Lifti ni mbovu na ndugu zangu wako mbali. Njoo ushushe vitu. Si msamaha, ni kazi.*

Nilifika saa mbili. Ukuta wa ngazi bado mweusi, wameupaka rangi chini tu, pale wageni wanapofika. Nimeshusha kitanda, meza, masanduku ya vitambaa, mashine mbili za kushonea za chuma. Safari kumi na moja. Yeye alibeba vidogo vidogo nyuma yangu. Mwisho lilibaki kabati la marehemu, la mbao nzito, nikalibeba mgongoni kwa kamba.

Ghorofa ya tatu nilisimama. Ilikuwa ngazi ileile. Sikupanga kusimama, miguu ndiyo iliyosimama. Nilisikia viatu vyake vinasimama nyuma yangu, juu kidogo.

"Umechoka?" aliuliza.

Nikajisikiliza. Moyo ulikuwa unapiga taratibu, pumzi ipo, mgongo haulalamiki. Ningeweza kulipandisha kabati lile hadi ghorofa ya tano na kulishusha tena.

"Hapana, dada. Sijachoka."

"Basi shuka," alisema.

Nikashuka.